Niliuliza Kama Anajisaidia

Siku yangu ya kwanza kazini, kabla sijaonyeshwa meza, watu watatu walikuwa wamekwisha kuniomba ajira. Bango la mlangoni liliandikwa TIBA KAZI, na mtu wa Bwera, mji wetu wa mpakani mwa Uganda na Kongo, akisoma hivyo anaelewa kwamba humo ndani kuna mgawaji wa kazi. Mmoja alikuja na vyeti vyake kwenye bahasha. Nikamweleza kwamba "kazi" hapa ni shughuli zote za siku ya mtu: kuvaa, kula, kuoga, kwenda chooni na kurudi. Sisi humsaidia aliyeumia au kuugua aweze kuzifanya tena.

Akanitazama kwa huruma. "Kwa hiyo ulienda yunivasiti kusomea kuoga?"

Miaka minne imepita, mradi ulioniajiri umefungwa, na jibu zuri bado sijalipata. Najua kumbukumbu kama hizi huandikwa na wastaafu, nami nina miaka ishirini na tisa. Lakini wapo wanaoanza kazi hii leo, na ni afadhali wasome makosa yangu kabla sijaanza kuyapamba.

Mkuu wa Kitengo alikuwa mtu wa kabila la Wakonzo, mwenyeji wa Karambi, na wa maneno machache. Aliniita afande kwa sababu baba yangu ni mwanajeshi na nilikulia kambini. Somo lake la kwanza lilikuwa tathmini, yaani kupima mtu anaweza nini na anakwama wapi. Alimpa mgonjwa shati, kisha akaketi kumtazama.

"Akitumia dakika kumi kulivaa, unakaa dakika kumi," aliniambia. "Ukimfungia kifungo kimoja, umeharibu mtihani."

"Mzee, nje kuna foleni. Si tumuulize tu kama anaweza?"

"Usiulize, afande. Mwambie akuonyeshe."

"Kwa nini tusimwamini mgonjwa?"

"Mgonjwa namwamini. Wewe ndiye bado."

Niliona ni ubishi wa kizee. Nilikuwa nahoji kila kitu: kwa nini fomu zetu zinauliza habari za bafu wakati watu wanaogea kwenye beseni nyuma ya nyumba, kwa nini kijiko chenye mpini mnene kiagizwe kutoka mbali wakati ukizungushia kijiko cha kawaida mpira wa ndani wa baiskeli, mkono dhaifu unakishika vilevile. Kitu kimoja sikukihoji: Kiswahili changu. Cha kambini nilikuwa nimekisafisha shuleni, kwa mwalimu aliyekata kila "iko" kwa wino mwekundu. Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba mtu mwenye adabu hataji choo hivi hivi. Anasema kujisaidia.

Mama Kavira aliletwa siku Mkuu alipokuwa mkutanoni Kasese mjini. Alikuwa mjane kutoka Butembo, upande wa Kongo, muuza vitenge wa soko la mpakani la Mpondwe, na kiharusi kilikuwa kimedhoofisha upande wake wa kulia. Dada yake mkubwa, Masika, alikuwa amemwacha kwetu na kukimbilia sokoni kulinda meza yao. Foleni ilifika getini. Nikauliza, tena kwa upole:

"Mama, unajisaidia mwenyewe?"

Akanyoosha shingo. "Miye? Najisaidiaka! Tangu bwana alikufa, nani mwengine ananisaidia?"

Nilidhani anaongeza maneno kidogo, kama wengi wanavyofanya. Nikaandika: choo, anajitegemea. Kwa jibu hilo jina lake halikuingia kwenye orodha ya wa kutembelewa nyumbani.

Wiki kadhaa baadaye Masika alikuja peke yake, amekasirika. "Dokta, dada amekataa maji. Chai hataki, supu hataki. Mukojo yake imekuwa rangi ya kahawa. Mulimufanya nini?"

Tulipanda boda boda, Mkuu na mimi. Mama Kavira alikuwa amekaa mlangoni, midomo imekauka, mwili una joto. Mkuu alimsalimu, akamwuliza habari za watu wa nyumbani, kisha akasema tu, "Mama, nionyeshe njia ya choo."

Akainuka na fimbo yake. Alipita akiegemea ukuta hatua kwa hatua hadi kwenye choo cha shimo, akasimama mlangoni.

"Kuchutama naweza," alisema. "Kuinuka njo inakataa. Masika anarudi jioni. Sasa nikikunywa maji asubuhi, nitafanya namna gani?"

Nikaropoka. "Lakini Mama, nilikuuliza kama unajisaidia, ukasema ndiyo!"

"Eh! Wee mutoto, ulikuwa unauliza juu ya choo? Miye nilifikiri unauliza kama niko na mutu wa kunilisha!"

Masika alicheka kwanza, kisha Mama Kavira naye, kwa upande mmoja wa mdomo. Mimi sikucheka. Siku hiyo alilazwa kwa maambukizi ya njia ya mkojo, na angeweza kupata mabaya zaidi. Njiani Mkuu alisema, "Umeuliza vizuri sana, afande. Kama redio." Hakulitaja tena.

Mama Kavira alipotoka wodini, seremala alitutengenezea kiti kizito chenye tundu, kikawekwa juu ya shimo, na ubao wa kushikilia upande wa kushoto. Tulifanya mazoezi: kichwa kitangulie mbele ya magoti, mkono usukume, inuka. Siku ya tano aliingia peke yake, nami nikabaki nje nimekunja mikono nisimguse. Alitoka. Nikabadilisha fomu, safari hii kwa nilichokiona.

Kisha nikachanganyikiwa upya. Kuoga pia aliweza. Alinionyesha: beseni juu ya stuli, sabuni ndani ya soksi. Lakini kila jioni Masika alimwogesha. Nikamwambia Masika amwache ajitegemee.

"Ajitegemee, watu waseme hana ndugu?"

Nikamgeukia Mama Kavira. "Na wewe unatakaje?"

"Choo ni yangu. Kuoga ni saa ya kuongea na dada. Andika vile."

Fomu haina nafasi ya "vile". Ina "anajitegemea" na "anasaidiwa". Nilimpelekea Mkuu fomu hiyo, naye alistaafu bila kunijibu.

Wiki ya mwisho ya mkataba wangu nilikwenda kuaga. Kwenye fomu yake, kisanduku cha kuoga bado kilikuwa kitupu. Ilikuwa asubuhi, Masika yuko sokoni, na Mama Kavira alikuwa na chupa ya chai pembeni. Alinimiminia kikombe, akajimiminia chake kwa mkono wa kushoto, akanywa hadi mwisho. Halafu, huku ananitazama usoni, akajimiminia cha pili.