Jiwe Nililoligusa Nikanyamaza

Kosa langu la mapema katika mchezo huu wa kutelezesha mawe kwenye barafu halikuwa kuanguka. Niligusa jiwe, nikanyamaza.

Mwanangu (nina miaka ishirini na saba tu, lakini klabuni wewe ndiye mgeni, kwa hiyo nivumilie), naikumbuka vizuri Ijumaa ile. Tulicheza asubuhi kwenye uwanja wa barafu ndani ya mall, tukiwa na makoti, na nje Doha inawaka.

Nilikuwa nimejifunza kwa video za simu. Chumbani kwetu, mtaa wa Abu Hamour, nilifagia vigae nikihesabu pumzi, wenzangu wa chumba wakicheka: "Oya, pitia na chini ya kitanda changu!" Sikujali. Siku hiyo Mzee Barasa, dereva wa Al Rayyan na nahodha wetu, angechagua mtu wa nne wa timu ya kwenda kucheza Kuwait. Nilitaka asione dosari hata moja.

Jiwe la mwisho alilisukuma Mzee mwenyewe. Likishaachiliwa huteleza lenyewe kuelekea kwenye duara lililochorwa upande wa pili. Sisi wafagiaji husugua barafu mbele yake ili lifike mbali, bila kuligusa. Kwetu hakuna refa. Ukiligusa, unainua fagio na kujitaja.

Fagio langu likaligusa. Kidogo tu, lakini mikono ilihisi.

"Fagia! Fagia!" Mzee alipiga kelele kutoka nyuma.

Nikafagia. Jiwe likatulia katikati ya duara. Tukashinda, tukapeana mikono.

Desturi ni kwamba aliyeshinda humnunulia aliyeshindwa kinywaji. Basi nikampelekea karak, chai ya maziwa, Nalwoga, nesi, nahodha wa Waganda tuliowashinda.

"Banange, mikono hiyo!" akasema. "Sisi utatuacha tupumue lini?"

"Mwache," Mzee akacheka. "Huyu ndiye mtu wangu wa nne."

Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo miezi mingi. Nikajisikia nikisema, "Mzee, lile jiwe nililigusa."

Mzee akaweka kikombe chini.

"Mbona hukuinua fagio?"

"Niliogopa utaniona mzembe."

"Mimi nimegusa mawe mengi kuliko uliyowahi kusukuma, na niko hapa. Tumeshapeana mikono, kwa hiyo ushindi hatuwezi kuurudisha. Huo utakaa nao. Lakini kijana, mtu wa kuchungwa simpeleki Kuwait."

Nalwoga akanisogezea kikombe. "Niletee nyingine. Hii imeniharibikia mdomoni."

Nikaenda kuileta. Walisafiri bila mimi.

Ndiyo maana nakusumbua, mwanangu. Najua nawe unajipima kila dakika, nimekuona ukirudia kufunga viatu. Kugusa jiwe, utagusa tu. Ila sema wakati bado linatembea. Likishasimama, watu huanza kukupongeza, na kila pongezi huufanya ulimi uwe mzito zaidi. Na usingoje uwe hodari ndipo uwe mkweli, kwa sababu mimi nilipanga hivyo na haikufaa. Mungu akupe mikono imara, na ikitetemeka akupe watu wa kukuvumilia kama alivyonipa mimi.

Bado naogopa kila Ijumaa. Lakini tangu siku ile nimegusa mawe matatu, na mara zote tatu niliinua fagio kabla jiwe halijasimama.