Kadzama Nyeusi ya Laban

Changawa hakuwahi kusema uongo kuhusu kinywaji. Kuhusu mambo mengine alisema, kama watu wote. Umri wake aliupunguza mbele ya wajane, na yule mamba aliyemkosakosa kwenye kivuko cha Hewani alizidi kurefuka kila mwaka. Lakini mnazi ukifika ulimini mwake, alisema alichokionja, hata kama mwenye mnazi ni ndugu yake. Alikuwa amegema kwa miaka thelathini na minane, na kwa muda huo wote watu wa Garsen, Minjila na vijiji vya kando ya mto walimpelekea vibuyu avionje kabla ya harusi na matanga. Akisema unanyweka, ulinyweka. Akisema umetiwa maji, muuzaji alitafutwa. Wale waliomkumbusha kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, aliwajibu kwamba yeye hangoji kusifiwa, hujisifu mwenyewe.

Minazi hakuwa nayo hata mmoja. Babake alitoka upande wa Marafa na kotama, kisu cha kugemea, kiunoni, akahamia nje kidogo ya Garsen, na kama wagema wengi wa Kigiriama alikodi minazi ya Wapokomo wenye mashamba kule Hewani. Changawa aliirithi kotama pamoja na minazi hiyo ya watu. Alfajiri alipanda, akachonga ncha ya karara linalodondosha tembo, akafunga kibuyu na kushuka. Jioni alipanda tena.

Sheria yake ilikuwa moja: mnazi una siku moja tu ya kuishi. Asubuhi ni mtamu mpaka watoto wanauomba. Adhuhuri huanza kuuma ulimi. Kesho yake ni siki, umwagie samaki. Kinywaji kilicholala kilimtia kinyaa kama nguo ya ndani ya mtu mwingine, na hakuona haya kulisema hilo mbele ya wageni.

Mkewe alikufa binti yao Lavender akiwa darasa la sita. Tangu hapo alibaki na huyo binti mmoja, naye akamlea kwa mnazi, maana ni mnazi uliomlipia shule hadi akawa mwalimu wa chekechea hapo Garsen. Alimfundisha mambo mawili: kuogopa maji ya mto yaliyotulia, na kusema ukweli akiulizwa. Sasa Lavender alikuwa na miaka ishirini na tisa, na kulikuwa na mwanamume.

Mwanamume huyo alikuwa Laban, Mpokomo wa Hewani, mjukuu wa mzee ambaye minazi yake ndiyo Changawa alikuwa akiikwea. Laban alifanya kazi Nairobi, kwenye kiwanda kidogo cha bia. Changawa aliposikia hilo alicheka wiki nzima. Mtu wa kwao, kutoka kwenye minazi, anakwenda kupika kinywaji kwa shayiri!

Posa ikapangiwa Jumamosi ya mwezi wa nane, saa nne asubuhi. Kwa Wagiriama huwezi kuja kuomba mke mikono mitupu. Unakuja na kadzama, kibuyu cha mnazi wa kuwafungulia wazee masikio. Nyumbani kwa Changawa mambo yalikwenda hivi: binti huitwa, akaonja, akaulizwa kama wazee wanywe. Akisema nyweni, babake hunywa. Baba akikipitisha kibuyu kwa nduguye, mke ametolewa. Akikiweka chini, wageni huvaa viatu vyao, na mlango huo hawaugongi tena.

Hapo ndipo Laban alipopata taabu. Mnazi wote mzuri wa Hewani uligemwa na Changawa. Je, amchukulie baba mkwe mnazi wake mwenyewe? Hiyo ingekuwa dharau, au kichekesho. Anunue wa mgema mwingine? Ulimi wa mzee ungeutambua kabla haujafika kooni. Kijana akafikiri kwa akili ya Nairobi, akaona heshima kubwa ni kumletea kazi ya mikono yake mwenyewe.

Alifika na mjomba wake Harrison, mzee wa kanisa ambaye maishani mwake hajalewa hata kwa furaha. Harrison alikuwa amebeba sanduku la mbao na mikono ameinyoosha mbele, kama aliyebeba kuku mgonjwa. Ndani mlikuwa na chupa sita nyeusi, shingo zake zimefunikwa nta nyekundu.

"Mzee Changawa," Laban alisema baada ya salamu, "kadzama yenu tumeileta, lakini si mnazi. Hii ni bia niliyoipika mwenyewe. Siku Lavender aliponikubalia ndiyo siku niliyoitia kwenye pipa. Ni pipa la mti, lilikuwa na wiski zamani. Imelala humo mwaka mmoja na miezi miwili."

Kitsao, mdogo wake Changawa aliyekuwa msemaji wa upande wa mke, alikohoa. "Mwaka na miezi miwili! Jamani, sisi hata maiti hatuiweki hivyo."

Watu walicheka. Changawa hakucheka. Kitsao akaamuru bia itiwe kibuyuni, kwa kuwa kadzama ni ya kibuyu wala si ya chupa, na Laban akaibandua nta na kumimina.

Haikumiminika kama kinywaji. Ilishuka polepole, nzito, nyeusi kama oili ya trekta iliyotolewa, na juu yake ikapanda povu la rangi ya matope ya mafuriko. Harufu ikaja nyuma yake: ukoko ulioungua, mbao mbichi, na kitu cha hospitali. Changawa aliangalia huku na huku akitafuta nyuki. Katika maisha yake yote hajafungua mnazi nyuki wasije. Leo nyuki walikuwa palepale kwenye maua ya mkorosho, hatua kumi hivi, na hata mmoja hakugeuka.

Lavender akaitwa. Alikuja amevaa leso mpya, bila viatu, akapiga magoti kwenye mkeka, akakipokea kibuyu kwa mikono miwili. Akanywa. Uso wake haukubadilika hata kidogo.

"Je, wazee wanywe?" Kitsao aliuliza.

"Nyweni, baba," alisema Lavender akimtazama babake. "Ni tamu."

Lakini Changawa hakuwa akitazama uso. Alikuwa akitazama miguu. Zamani mtoto huyu alipougua malaria na kunyweshwa mwarubaini, uso wake ulitulia vivyo hivyo mpaka majirani wakamsifu, na ni babake peke yake aliyejua aangalie wapi. Vidole vya miguu vya Lavender vilikuwa vimejikunja, vyote kumi, vimeung'ang'ania mkeka.

Moyo ulimuuma, na hasira zikaja papo hapo. Amedanganya. Binti yangu, aliyelelewa kwa mnazi wa alfajiri, ameonja kitu kibaya mbele ya wazee akakiita kitamu. Na kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya huyu aliyekaa akimkodolea macho, anayengoja sifa. Changawa aliiona miaka yote inayokuja: Lavender huko Nairobi, uso umetulia, anameza kila anachopewa na kusema ni kitamu, na hakuna hata mmoja wa kumtazama miguu.

Akakipokea kibuyu. Uamuzi alikuwa ameukaribia: anywe funda moja la adabu, kisha akiweke chini.

Alikunywa. Mungu wangu! Kwanza ulikuja uchungu, na si uchungu wa dawa unaopita, bali wa sufuria iliyoungua halafu ikapikiwa tena bila kuoshwa. Kisha ukaja utamu mzito wa sukariguru iliyochacha, ukajipaka kwenye ufizi na kukataa kuondoka. Nyuma yake likaja pipa lenyewe, mbao, vumbi, chumba kisichofunguliwa dirisha. Na alipodhani yameisha, wiski ya watu wa zamani, wasiojulikana hata majina, ikamwashia moto puani. Mate yalimjaa. Masharubu yalimnata. Alihisi kila kitu alichokila tangu jana kikisimama kutazama ni nini kinashuka.

Harrison alikuwa amefumba macho, labda anaomba.

Changawa akameza. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kiganja. Kibuyu kilibaki mikononi.

"Laban," alisema, "mimi sijui kudanganya kuhusu kinywaji, na leo si siku ya kujifunza. Hii ni mbaya. Ni chafu, mwanangu. Tangu nizaliwe sijatia kinywani kitu kama hiki, na mimi nimewahi kunywa maji ya mto siku ya mafuriko."

"Kaka!" Kitsao alimshika goti. Mambo hayo hayasemwi kwenye posa.

"Niache. Lavender, nakuuliza mara ya pili, na mara hii jibu kama nilivyokufundisha. Ni tamu?"

Lavender alitazama chini. Harrison alifungua jicho moja.

"Ni mbaya, baba," alisema kwa sauti ndogo. Kisha akageuka kumtazama Laban, na sauti ikapanda. "Ni mbaya sana, Laban. Tangu ile ya kwanza kabisa. Ile uliyoniletea Pasaka niliimwagia mpapai."

Changawa hakumtazama binti tena. Alimkazia macho kijana. Sasa posa ilikuwa usoni mwa Laban, si kwenye kibuyu. Miaka thelathini na minane amewaambia watu ubaya wa vinywaji vyao, naye anazijua sura wanazovaa. Wapo wanaovimba. Wapo wanaoapa kwamba ulimi wake umezeeka. Wapo waliokwenda nyumbani kimya wakawapiga wake zao. Kama kijana huyu angemtazama Lavender kwa jicho la watu hao, hata mara moja, kibuyu kingewekwa chini na Nairobi angerudi peke yake na sanduku lake.

Laban alikuwa amejikunyata kama aliyemwagiwa maji. Ilikuwa dhahiri kwamba imemuuma, na imemuuma sana, maana alikuwa na mwaka mzima ndani ya chupa zile.

"Mpapai," alisema. "Ule wa nyuma ya shule?"

"Ule ule."

"Ndiyo maana ulikauka?"

Mtu mmoja alianza kucheka akajizuia. Laban akajifuta uso, akasogea karibu kwenye mkeka, karibu na Lavender. Akamwambia polepole, kana kwamba wazee hawapo, "Ungeniambia. Mimi nilidhani unaipenda, kwa hiyo kila mara nikaizidisha makali." Kisha akamgeukia mzee. "Baba, ubaya wake uko wapi? Unaanza mwanzo, au unakuja mwisho?"

Hilo Changawa hakulitarajia. Hakuna mgema hata mmoja aliyewahi kumuuliza.

"Uko kote," alijibu. "Mwanzo ni sufuria iliyoungua. Katikati ni sukariguru ya panya. Mwisho ni kabati la marehemu."

"Hilo la mwisho ni pipa," alisema Laban akitikisa kichwa, hana kinyongo, anafikiri. "Nililiacha muda mrefu mno. Mkuu wangu aliniambia, nikambishia."

"Ulimbishia kwa nini?"

"Nilikuwa nahesabu siku za Lavender, si za bia."

Lavender alijifunika mdomo kwa pindo la leso, na mabega yakamtikisika, haijulikani kama ni kilio au kicheko. Changawa alitazama tena miguu yake. Vidole vilikuwa vimenyooka, vimelegea juu ya mkeka.

Utamu ule mbaya ulikuwa bado umemganda kwenye meno, na alijua utakaa naye hadi kesho. Alipiga funda la pili, kwa sababu desturi haitaki baba anywe kama mgonjwa, nalo lilikuwa baya kuliko la kwanza. Akatetemeka mwili mzima. Kisha akakinyanyua kibuyu, akageuka upande wa kulia alikokaa nduguye, akamtia nacho mikononi.

"Kunywa, Kitsao," alisema. "Ni mbaya sana."