Samaki Anayepanda Maporomoko

Baba alipoacha kula, nyumba yetu ya Ujiji ilijaa madaktari. Hakuna hata mmoja aliyesomea udaktari, lakini ushauri ulikuwa wa bure na chai yetu waliimaliza. Daktari wa kweli, yule wa hospitali, alisema tu kwamba homa imekwisha, ila mzee asipokula tutampoteza. Baba akageukia ukutani. Uji, hapana. Supu ya kuku, hapana.

Mimi, mwalimu wa sanaa, nikaleta dawa ya kisomi: picha tatu. Nilizawadiwa na Mjapani aliyekuja kuchunguza sokwe, ambaye nilimfundisha Kiswahili. Kwao huchonga ubao, huupaka wino na kugandamiza karatasi juu yake. Na kila mnyama, alinieleza, ana maana yake.

Wa kwanza alikuwa bundi. Kwao ni bahati njema. Shangazi, aliyetoka Kagunga kuja kumuuguza kaka yake, hakungoja hotuba iishe.

"Bundi? Chumba cha mgonjwa? Wewe mtoto, urithi gani unaoukimbilia?"

Bundi akatupwa uvunguni, kifudifudi.

Wa pili korongo, alama ya maisha marefu. Shangazi aliitazama miguu ya ndege, akaitazama ya baba, akaguna. Korongo akamfuata mwenzake.

Akabaki samaki mnene anayepanda maporomoko ya maji. Nikamtundika mbele ya kitanda, nikakohoa kidogo kama nifanyavyo darasani.

"Baba, huyu ni alama ya ujasiri. Hakati tamaa. Akifika juu anageuka joka."

Baba alifungua jicho moja. Maisha yake yote alivua samaki. Alama hakuwahi kuvua.

"Anapanda kwenda wapi?"

"Juu, baba. Ni mfano wa..."

"Mnene hivyo, na mmemwacha apande?"

Akalifumba lile jicho, nikadhani amelala. Kisha akasema, "Nipikieni mgebuka. Kwa mawese. Na pilipili."

Shangazi alirukia bodaboda kwenda soko la samaki la Kibirizi bila hata kubadilisha kanga. Jioni baba alikula kwa mkono wake, ugali wa muhogo na mgebuka, akafyonza mifupa. Mimi na elimu yangu tulisimama mlangoni tukilia. Nikasingizia moshi, ingawa jiko lilishazimwa.

Baba akalamba mawese vidoleni, akachungulia uvunguni.

"Na yule ndege wa miguu mirefu, mmemficha wapi?"