Jiwe la Miguuni pa Mjane

Keturah Sibley hakuweza kusoma zaidi ya jina lake, lakini katika kijiji cha Wrackham hapakuwa na ua wala mtaro asioujua. Baba yake alikuwa mchimba mitaro, na alimbeba mgongoni tangu ana miaka minne.

Bwana Cazalet, mwalimu mstaafu aliyehamia baada ya vita, alikaa jikoni kwa Keturah majira mawili ya baridi, akinywa chai yake na kuandika kila alichosimulia. Kitabu cha historia ya kijiji kikatoka na jina la Cazalet peke yake. Ndani alimshukuru kasisi, daktari, hata mbwa wake mwenyewe. Keturah hakuwemo.

"Si nimekupa nakala ya bure?" Cazalet alimwambia.

"Umenipa. Inazuia mlango vizuri."

Wiki ya sikukuu ya Kupaa, wanakijiji walitoka na fimbo za mwerebi kuzunguka mpaka wao na kuchapa kila jiwe la mpaka, kama ilivyo ada. Kila mzaliwa wa Wrackham aliwahi kugongeshwa makalio juu ya mawe hayo utotoni, asisahau yalipo; ila jiwe moja lilikuwa halijaonekana kwa miaka mingi. Lakini mwaka huo haukuwa wa mchezo. Hembrow, mkulima wa upande wa pili, alishalaza nguzo za uzio kando ya malisho ya kijitoni, akidai ni yake, walikokula bata bukini wa Keturah na ng'ombe wa nusu ya kijiji.

"Nionyesheni leo hilo jiwe lenu lililopotea," alisema mbele ya kasisi, "la sivyo kesho nakita nguzo."

Cazalet akafungua kitabu chake. "Jiwe liko miguuni pa mjane," alisoma, akawaongoza hadi makaburini, kwenye kaburi la mjane mmoja wa zamani. Walipekua nyasi, wakaibua chupa ya bia. Hembrow akacheka hadi akakohoa.

Keturah alisimama nyuma, mikono kifuani.

"Bi Keturah, wewe unalijua?" kasisi aliuliza.

"Kwani kitabu kinasemaje?"

"Mama wee, usitutese!" Dorcas muuza mikate alimaka. "Malisho yanakwenda!"

Hasira hasara, na bata walikuwa wake. Akateremka kijitoni bila haraka, kijiji kizima kikimfuata, hadi kwenye kisiki kilichooza.

"Mjane ni mti," alisema. "Ulikuwa mwerebi, umeinamia maji kama mwanamke anayelia. Dhoruba iliuangusha nikiwa msichana. Mwalimu angeuliza, ningemwambia. Hakuuliza, aliandika tu."

Akasukuma kuvu kwa kiatu. Jiwe likatokea, na msalaba wake wa kuchonga. Hembrow akaenda kukusanya nguzo zake.

"Sasa ada," alisema Keturah. "Kuna mtu hapa hajawahi kugongeshwa."

Wanaume wanne wakamnyanyua Cazalet, mikono na miguu.

"Nani amekuonyesha jiwe hili, mwalimu?" Keturah aliuliza.

Wakamgongesha makalio jiweni mara moja, na mara ya pili. Mara ya tatu ikamtoa sauti.

"Keturah Sibley!"

"Haya. Kaandike."