Waliniuliza kama Sikio la Mume Wangu Limetoboka

Nimekosa, na kosa lenyewe nililifanya huku nacheka. Jina langu niachieni mwenyewe. Muyinga, huku kwetu Burundi, ni mji mdogo, na mume wangu wanamjua wengi, maana watoto wa mtaa wetu wa Waislamu wamejifunza Kurani kwake. Hata mimi nyumbani namwita Maalim.

Ilianza na mafua. Sikio la kulia likamuuma mpaka akashindwa kutafuna. Alfajiri moja likatoa usaha, ukalowesha mto, na maumivu yakapungua. Tukafurahi! Tulidhani uchafu ukishatoka ndiyo kupona kwenyewe. Kumbe ngoma ya sikio ndiyo ilikuwa imepasuka, na sisi tunamshukuru Mungu.

Usaha ukaendelea. Akasema ataenda hospitali. Nikamwambia, "Acha kupoteza siku. Naenda Gitega kumwona dada, nitakuletea dawa." Dada alikuwa amenisifia kwenye simu matone fulani yaliyomponya mwanawe sikio. Mimi ni mtu wa haraka, nakiri. Nikishasikia jambo, basi nimeshalijua!

Gitega niliingia kwenye duka la dawa na mabegi mkononi, gari la kurudi Muyinga linataka kuondoka. Nikaitaja ile dawa ya dada. Muuzaji, mwanamke mpole mwenye miwani, akaitoa lakini hakunipa.

"Ni ya nani, maman?"

"Ya bwana yangu."

"Sikio yake iko imetoboka?"

Jamani! Kwetu sikio lililotobolewa ni la kuvaa hereni. Nikamwona Maalim na kanzu yake na kofia yake, hereni zinaning'inia. Nilicheka mpaka nikashika meza.

"Yee! Bwana yangu ye anafundisha madrasa, atatoboa masikio ya nini? Haiko imetoboka hata kidogo!"

Naye akacheka. Kisha akasema, "Non, maman, ngoja kwanza, mi nauliza ya ndani..."

Mimi nilishalipa, nilishachukua kichupa, niko mlangoni. "Ya ndani ndiyo inamuuma, asante!" nikamjibu, nikatoka mbio. Nilimwacha na swali lake mdomoni.

Hilo ndilo linalonila.

Nilimtia Maalim matone kwa mkono wangu, asubuhi na jioni, amelaza kichwa mapajani mwangu. Haukupita muda akaniambia, "Mama watoto, kuna kitu kinalia humo ndani kama sufuria inayochemka. Na nikisimama nyumba inazunguka." Nikamwambia hiyo ni dawa inafanya kazi. Nikaongeza tone! Heri mkono wangu ungevunjika siku ile!

Baadaye akawa anaweka simu kwenye sikio hilo na kusema mtandao mbaya. Mtandao! Ndipo tukaenda Gitega kwa daktari wa masikio. Akachungulia na taa yake, akampima, akauliza tumetia nini. Nikatoa kichupa. Akakigeuza, akasoma maandishi yake. Akatueleza kwamba antibiotiki ya aina ile, ngoma ya sikio ikiwa nzima, kwa kawaida haina shida. Ikiwa na tundu, dawa inaweza kupenya mpaka ndani na kuharibu sehemu ile inayosikia.

"Kuko matone zingine," akasema, "hata tympan, ile ngoma ya sikio, ikiwa na tundu tunatia bila woga. Ile ndiyo wangewapa, kama wangejua."

Kama wangejua! Akasema pia kwamba huenda ugonjwa wenyewe umechangia, hawezi kuapa. Maalim akalishika neno hilo. Mimi nimeshika lile la kwanza.

Sasa niulizeni ninavyoishi. Nakaa kwenye cherehani, nainuka. Naosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Watoto wakisoma pamoja barazani, nasimama nyuma ya pazia nasikiliza. Zamani mmoja akikosea herufi katikati ya kelele zote zile, Maalim alimnyooshea kidole bila kufungua macho. Sasa anageuza kichwa huku na huku akitafuta sauti imetoka wapi. Juzi msichana mmoja alikosea, nikasikia mimi. Yeye akaitikia kwa kichwa, "Vizuri." Nikakimbilia jikoni kulia.

Na bado ananibembeleza! "Ni kadari ya Mungu, usijisumbue." Hajui kwamba niliulizwa. Hajui kwamba nilicheka. Niliwahi kumwambia mara moja, kwa sauti ya chini, nikiwa nimekaa kuliani kwake, upande wa sikio lile, na nilijua ninakaa wapi. Akatabasamu, akasema, "Eeh, haya."

Ndugu zangu, simtishi mtu na matone. Yapo yanayoponya, mwana wa dada yangu ni mzima. Ogopeni haraka! Sikio likitoa usaha, au likiuma sana halafu maumivu yakakatika ghafla, mwacheni daktari achungulie kwanza, msitie dawa ya mwenzenu. Mgonjwa akisema sikio linalia au kichwa kinazunguka, msimwambie ndiyo kupona, mrudisheni hospitali siku hiyohiyo. Na ukiulizwa dukani jambo usilolielewa, hata kama linachekesha, simama ulizwe tena. Gari liache liende!

Nimeanza kuwaambia ninyi kwa sababu kwenu ni rahisi. Leo watoto wakishaondoka, nitakaa kushoto kwake, niseme kwa sauti.