Daftari la Mapigo

Niliporudi Tarime na shahada ya sayansi ya michezo, baba aliniuliza kama ni kweli nimesomeshwa miaka yote ile ili nije kutazama watu wakikimbia. Nikamjibu ndiyo. Alicheka mpaka akashika mbavu.

Vifaa sikuwa navyo, kwa hiyo nilianza na madaftari. Kila msichana niliyemfundisha mbio alikuwa na lake, pamoja na saa ya plastiki niliyomnunulia Sirari. Asubuhi, kabla hajainuka kitandani, anaweka vidole viwili shingoni, anahesabu mapigo ya moyo dakika nzima, anaandika. Namba ikipanda, mwili una shida hata kama mdomo unasema mzima. Walinung'unika, lakini waliandika.

Nilipopandishwa kuwa afisa michezo nilianzisha kambi ya Desemba, katika shule moja upande wa Ikoma. Kwenye barua za wazazi niliandika kwamba tunajiandaa na mashindano. Uongo mtupu. Msimu wa ukeketaji kwetu ni Desemba, nami nilitaka wasichana wangu wawe mbali na visu mpaka shule zifunguliwe. Wazazi walijua, wasichana walijua, na hakuna aliyelisema.

Aliyewashinda wote alikuwa binti mmoja wa Susuni, mwembamba, mbishi, mwenye moyo unaopiga mara arobaini na sita kwa dakika.

"Mwalimu, siku ukiona nimefika hamsini, unipeleke hospitali," alikuwa akinitania.

Kisha nikaingiwa na tamaa ya udiwani. Nilijidanganya kwamba nikipata kiti nitajenga uwanja. Nikaacha kazi, nikagombea, nikawazungukia wazee wa ukoo nyumba kwa nyumba. Mmoja aliitikia shikamoo yangu, akanipa kiti na kikombe cha uji.

"Mura, kijana wetu, kura tutakupa," alisema. "Lakini hiyo kambi yako inatuharibia mabinti. Desemba hii wabaki nyumbani."

Ningeweza kuinuka nikaondoka. Niliumaliza uji wake, nikasema, "Nimekuelewa, mzee."

Nikashinda. Afisa aliyeshika nafasi yangu alikuja kuniuliza habari za kambi, nikamwandikia mwenyewe barua ya kuiahirisha, yeye akasaini tu. Mpaka leo nauchukia mkono ulioiandika.

Desemba ilipofika, mama wa yule binti alinikuta kwenye korido ya halmashauri nikiingia kikaoni na suti yangu mpya.

"Mheshimiwa," aliniita, yeye aliyezoea kuniita mwalimu. "Mwanangu kasema nikuletee hili. Kasema wewe utajua kulisoma."

Akatoa daftari ndani ya kanga. Nilidhani ni lawama za kambi, nami sikutaka kulaumiwa siku ile. Nikalitia mkobani, nikamwambia anisubiri kidogo. Kikao kilikwenda kwa muda wa saa nne kabla ya mapumziko ya chai. Sehemu kubwa tulibishana kuhusu mapazia ya ukumbi, na mimi nilisimama mara mbili kuchangia.

Nililifungua wakati wa chai. Arobaini na sita. Arobaini na saba. Kambi ilikuwa imefungwa, lakini alikuwa bado anahesabu kila asubuhi, ili tukifungua nimkute tayari. Halafu siku moja haikuandikwa kitu. Iliyofuata, tisini na mbili. Kisha mia moja na kumi na nane. Asubuhi ya siku ile ya kikao, mia moja thelathini na sita, kwa mwandiko uliotoka nje ya mstari. Hakuandika neno lolote kuhusu damu. Mama yake naye asingeweza kulitamka pale koridoni, maana kumpeleka hospitali ilikuwa ni kumpeleka mumewe polisi. Wakanitumia namba.

Nilitoka mbio. Mama alikuwa bado kwenye benchi, pale pale nilipomwacha. Nikampakia kwenye gari, tukaenda Susuni.

Binti alikuwa amelazwa kwenye ngozi, chumba cha nyuma, saa ya plastiki ikiwa mkononi. Nilipiga magoti, nikaweka vidole viwili shingoni kwake kama nilivyomfundisha. Nikahesabu dakika nzima. Nikabadilisha upande, nikatafuta pigo dakika nyingine nzima.

"Mwalimu," mama yake akaniuliza, "ni ngapi?"