Saa Kumi na Nane za Gitega

Niliingia sekondari nikiwa na miaka thelathini na mitano, mwaka mmoja baada ya kumzika mume wangu. Nilipohitimu niliajiriwa katika kiwanda cha kuoshea kahawa karibu na Mutaho, mkoani Gitega. Matunda ya kahawa yakishamenywa, punje hubaki na ute unaonata. Hulazwa katika birika la saruji ili vijidudu waule ute huo, kisha huoshwa. Katika baridi ya kule, kazi hiyo ilichukua saa kumi na nane. Kwa misimu mitatu niliandika katika daftari tarehe na saa za kila birika, nikaziamini kama nilivyokiamini cheti changu.

Aprili ya msimu wa nne nilihamishiwa kiwanda cha Muyinga kusimamia mabirika. Jumanne ya tatu ya mwezi huo, saa kumi na mbili jioni, tulijaza birika kwa kahawa ya wanawake wa kilima kimoja. Ilikuwa mara yao ya kwanza kupewa birika la peke yao. Kahawa ikiharibika, wangenyang'anywa birika hilo.

Jumatano saa moja asubuhi, mwoshaji mmoja aliyekulia Tanzania alitumbukiza mkono, akasugua punje kiganjani.

"Mama, hii tayari. Sikiliza, inakwaruza kama changarawe."

"Bado saa tano zitimie kumi na nane."

"Hizo za Gitega. Hapa kuna joto, na hawa wadudu wamo kwenye saruji hii tangu msimu uanze. Wameshanoa meno."

"Mwache mama wa daftari!" mwenzake akadakia, wakacheka.

Nikapandwa na hasira. "Mimi nimewasoma vijidudu. Wewe umesoma nini?"

"Mimi nawaosha tu, mama."

Saa sita mchana birika lilinuka siki, na chini ya siki, kitunguu kilichooza. Tuliosha mara tatu, harufu ikabaki. Nikiwa nimesimama pale nilielewa nilichokuwa nimekikariri darasani bila kukiona: kila kahawa iliyopita iliacha vijidudu wachache katika nyufa za saruji, na waliobaki ni wale waliokula upesi zaidi katika joto lile.

Ijumaa mkuu wa kiwanda aliinusa kahawa, akaniita. Wanawake wawili wa kilima kile walikuwa mlangoni.

"Madame, kahawa ya hawa wamama iko na shida. Walileta matunda mabovu, si ndiyo?"

Jibu alikuwa amekwisha kunipa. Nilibakiwa na kuitikia tu. Mmoja wa wale wanawake alinitazama.

"Matunda yalikuwa mazuri," nikasema. "Niliyazidishia saa tano. Mwoshaji mmoja aliniambia, nikakataa."

Mkuu aliinusa tena kahawa. "Basi birika watabaki nalo. Lakini we hutafungua maji tena mpaka yule mwoshaji aseme."

Nilitoka moja kwa moja hadi kwenye mabirika, nikamweleza mwoshaji uamuzi huo mbele ya wenzake wote, kwa kuwa mbele yao ndipo nilipomdharau.